Ushauri: Serikali ya Marekani imefungwa, mimi nimeajiriwa na mkandarasi. Nisubiri au nifanyeje?

BintiPangani (19 Oktoba 2025)
Wakuu, habari za Jumapili. Naishi Silver Spring, Maryland, na nafanya kazi kwenye mgahawa ulio ndani ya jumba mojawapo la makumbusho pale National Mall, Washington DC. Serikali imefungwa tangu Oktoba 1. Smithsonian, shirika linaloendesha majumba hayo, walijikongoja na fedha za mwaka uliopita mpaka tarehe 11, kesho yake makufuli. Siku ile ya mwisho tulitoa maziwa, saladi na sandwichi zote kwenye friji, msimamizi akasema kila mtu abebe anachoweza. Nikapanda treni na mfuko wa vikopo vya mtindi, abiria wananitazama tu. Wanangu wameshauchukia huo mtindi.

Sasa shida yangu. Wenzetu wenye ajira ya serikali wanajua watalipwa mambo yakiisha. Sisi wa mgahawa tuko chini ya kampuni iliyopewa tenda, na tulichopata ni ujumbe mmoja wa simu: subirini. Kodi ya nyumba ni tarehe 1. Nina watoto wawili na tunapata kadi ya SNAP (msaada wa chakula wa serikali kuu), nayo nasikia Novemba haina uhakika. Juu ya hapo, mdogo wangu ana kikundi cha ngoma, walikuwa wafundishe watoto wa shule kwenye jumba hilohilo, warsha zimefutwa zote.

Niombe mafao ya kukosa ajira, au nitaonekana nimeacha kazi? Na je, hayataniharibia makaratasi? Nina grinikadi (ukaazi wa kudumu), uraia nataka kuomba mwakani. Nawasilisha.

KariakooHalisi
Pole sana dada. Ila kabla hamjanipiga mawe, sisi wa huku Dar tueleweshwe: nchi tajiri namna hiyo serikali inafungwaje? Ufunguo anakaa nao nani?

Mhasibu_Arlington
Mkuu, ufunguo uko bungeni. Mwaka wao wa fedha unaanza Oktoba 1, na kabla ya hapo Congress, yaani bunge lao, inatakiwa ipitishe miswada 12 ya matumizi, au angalau ya muda. Kwenye Seneti zinahitajika kura 60 kati ya 100 na chama tawala hakizifikishi, kwa hiyo wanavutana. Safari hii ugomvi mkubwa ni ruzuku ya bima ya afya. Kuna sheria ya 1884 inayokataza kutumia fedha ambayo haijaidhinishwa, lakini kwa miaka mingi bajeti ikichelewa idara ziliendelea tu na kazi. Mwaka 1980 Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti akaitafsiri kwamba lazima zifungwe, ndipo mchezo huu ukaanza.

Kwetu Tanzania Bunge likikataa bajeti, Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais nafasi ya kulivunja, kwa hiyo mbunge anajua kiti chake kiko rehani. Hawa hakuna wa kuwavunja, na mishahara yao inaingia kama kawaida.

KariakooHalisi
Kwa hiyo anayelala njaa ni muuza supu. Nimesoma hata bustani ya wanyama imefungwa ila panda, wale dubu weusi kwa weupe, wanaendelea kuletewa mianzi yao. Dada, kaombe kazi ya upanda 😂

Mzee_LangleyPark
Utani tuuweke pembeni kidogo. Binti yangu, mimi nimeendesha teksi DC miaka mingi, nimeyaona ya 2013 (siku 16) na ya 2018 hadi 2019 (siku 35). Nikwambie kitu kimoja tu: USISUBIRI. Sheria ya malipo ya nyuma iliyopitishwa 2019 inawahusu watumishi wa serikali. Wafanyakazi wa wakandarasi haiwagusi. Kipindi kile kulikuwa na muswada wa kuwafidia wafagizi, walinzi na wapishi, haukupita. Niliwabeba watu kwenye teksi wakiwa na matumaini hayo mpaka Machi, na hawakuona hata senti.

Waliokwambia subirini hawajakuahidi chochote, soma tena ujumbe wao. Kesho asubuhi omba mafao. Na angalia hapa ndipo wengi wanapopotea: wewe unalala Maryland lakini jasho lako linatoka DC, kwa hiyo unaomba DC, kwenye Idara yao ya Huduma za Ajira. Ukiomba Maryland utazungushwa wiki mbili halafu urudishwe kulekule. Malipo yanahesabiwa kuanzia wiki uliyoomba, hawarudi nyuma kukufidia wiki ulizokaa kimya. DC kiwango cha juu ni dola 444 kwa wiki, na wiki ya kwanza hailipwi. Hazitoshi, ila ni zako.

MamaZuu_Baltimore
Mdogo wangu, kuhusu makaratasi usijitie presha. Mafao ya kukosa ajira ni bima, mwajiri wako ameilipia kodi. Hayahesabiwi kuwa umekuwa mzigo wa serikali. Hujaacha kazi wala hujafukuzwa, kazi imekosekana, na ndivyo utakavyojaza kwenye fomu. Ukitaka moyo utulie kabisa, muulize mwanasheria wa uhamiaji, usiulize kwenye harusi.

Mwenye nyumba umwandikie LEO, kwa maandishi, kabla ya tarehe 1. Ambatanisha ule ujumbe wa kampuni hata kama ni mstari mmoja. Mwambie utalipa kiasi gani na lini. Wenye nyumba wengi wanachokichukia ni kimya. Na kama uko kwenye mchezo, zungumza na kijumbe akusogeze mbele. Mimi 2019 nilipewa zamu ya mtu mwingine na nikarudisha bila riba. Usiingie kwenye zile programu za simu zinazokopesha mpaka siku ya mshahara. Mshahara wenyewe uko wapi?

SNAP: Oktoba ipo. Ya Novemba serikali kuu imeziandikia majimbo zisiandae malipo kwanza, na wanaoitegemea nchi nzima ni kama watu milioni 42, kwa hiyo foleni za benki za chakula (wanakogawa chakula bure) zitakuwa ndefu. Anza kwenda sasa, usingoje tarehe 1.

NyundoMinneapolis
Mimi natofautiana kidogo na wazee. Mafao ya nini? Maghala yanatafuta watu kuelekea Krismasi. Ingia huko, achana kabisa na hizi kazi za majumba ya sanaa. Sanaa ni ya watu walioshiba.

BintiPangani
Kaka Nyundo, ghala la karibu ni saa moja na nusu kwa basi, na nani atawapokea watoto? Siku mbili kwa wiki naweza. Je, nikizifanya mafao yanafutwa?

Mzee_LangleyPark
Hayafutwi, yanapungua. Kila wiki unatakiwa utaje ulichopata. Kitaje chote, maana wakigundua baadaye utarudisha na faini juu.

FundiMarimba
Nyundo, hiyo "walioshiba" imenichoma. Nimekuwa nikifundisha ngoma na marimba huku tangu watoto wangu wadogo. Majumba ya Smithsonian ni bure kuingia, na wanaojaa mle Jumamosi ni familia za kawaida na watoto wanaoletwa na mabasi ya shule. Likifungwa, tajiri ananunua tiketi kwingine. Anayekosa ni mtoto wa huyu dada, mwenye gari la kuuza chakula pale barabarani, na mpiga ngoma anayelipwa kwa siku.

Serikali ilipofungwa 1995 hadi 1996, National Gallery, jumba la sanaa la taifa pale DC, walikuwa na maonyesho ya mchoraji wa Uholanzi, Vermeer, picha 21 ukutani. Zikafungiwa ndani. Kelele zilipozidi, zikapatikana fedha za watu binafsi, wakafungua vyumba vya Vermeer peke yake, jengo lililobaki giza. Picha ilipata mfadhili. Muosha vyombo hajawahi kumpata.

Kuhusu mdogo wako: asome mkataba, kuna kipengele cha kufutwa kwa shughuli? Wakati mwingine kuna sehemu ya malipo unastahili hata kazi isipofanyika. Kama kikundi kinategemea ruzuku ya NEA (mfuko wa sanaa wa serikali kuu), ajue kwamba walio wengi kule wako nyumbani na fedha zitachelewa, asikope akizitegemea. Ahamishe warsha. Maktaba za kaunti ya Montgomery haziendeshwi na serikali kuu, ziko wazi, vyumba vipo. Baraza la sanaa la Maryland lina fedha za jimbo. Majumba ya sanaa ya Phillips Collection na lile la wasanii wanawake ni ya binafsi, nayo hayajafungwa. Na kama anategemea wapigaji wanaokuja kwa viza ya P-3 (ya wasanii wa utamaduni), asiogope, maombi yale yanaendeshwa kwa ada za waombaji, hayajasimama.

NyundoMinneapolis
Nimekusikia mwalimu. Ya Vermeer sikuijua.

BintiPangani (16 Novemba 2025)
Nimerudi kutoa mrejesho, maana najua mnavyochukia mtu akishashauriwa akapotea. Rais alisaini usiku wa tarehe 12, siku 43, kuliko yote yaliyowahi kutokea. Ijumaa tarehe 14 baadhi ya majumba yakaanza kufunguliwa. Sisi tunarudi kesho. Wenzetu wa serikali wanalipwa kwa siku zote 43. Sisi kampuni imetuandikia "karibuni tena", basi.

Niliomba DC kama mzee alivyosema. Walinipigia kuuliza swali moja tu, kama nimeacha kazi, na fedha zikaingia. Mwenye nyumba alikubali nusu, nyingine kabla ya Desemba 15. SNAP ilichelewa, benki ya chakula nilikutana na askari mwenye sare amepanga foleni mbele yangu. Mdogo wangu alihamishia warsha maktaba, watoto wakajaa mpaka wakakaa chini, ila malipo ni robo ya yale ya mwanzo.

Bajeti hii ya muda inaisha Januari 30, kwa hiyo akaunti yangu ya mafao siifungi. Swali la mwisho: haya niliyopokea yanakatwa kodi?

Mhasibu_Arlington
Ya serikali kuu, ndiyo. Januari watakuletea fomu ya 1099-G, inayoonyesha mafao uliyolipwa. Kama hukuchagua wakukate mapema, tenga kidogo kuanzia sasa.