Nagona ni riwaya au ni fumbo?

Msomaji wa Nansio: Wakuu, nimesoma Nagona ya Euphrase Kezilahabi mara tatu na kila mara natoka mikono mitupu. Kezilahabi huyu huyu, kwa Rosa Mistika (1971), aliniliza nikiwa kidato cha pili. Zakaria anapompiga bintiye Rosa kisa barua ya mapenzi ya Charles, fimbo ile niliisikia mgongoni mwangu. Nagona (1990) ni kijitabu chembamba, lakini sikuona ndani yake mtu wa kumlilia. Je, hiyo ni riwaya? Wanafunzi wasomeshwe? Kwangu Vuta N'kuvute ya Adam Shafi inazipita zote. Kiswahili kitamu kiko Zanzibar. Sisi wa bara tunaandika kama tunaomba kazi.

Kabwela: Hapo mwisho umenichoma. "Sisi wa bara" akina nani? Kiswahili cha Rosa Mistika kina kasoro gani? Sentensi fupi, hazizunguki, zinauma. Utamu si lazima uwe wa halua.

Binti Shangani: Kaka, hakuna aliyekutukana. Ila Mwajuma wa Vuta N'kuvute akifungua kinywa, namsikia shangazi yangu uani, vile vile. Ndugu wa damu wamemkataa Yasmin, Mwajuma anampokea kwenye chumba chake. Lugha ile hujifunzi darasani.

Kabwela: Hujifunzi darasani? Basi niambie Ken Walibora, mtu wa bara ya Kenya, aliipata wapi. Siku Njema (1996) inaanzia Tanga, kwa mama mwimba taarabu, na Kongowea, mwanawe, namfahamu kuliko jirani yangu.

Mwalimu Mstaafu: Wanangu, mmeliacha swali. Rosa Mistika ya 1974 ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, tukaisoma kwa kuificha. Kwa hiyo kuulizana kitabu gani kisomeshwe hakukuanza leo. Na Nagona usiisome ukimtafuta Rosa. Ile ni safari ya kuutafuta ukweli, nenda nayo ukurasa mmoja mmoja.

Kabwela: Shikamoo mwalimu. 1974 ni Kichwamaji, riwaya nyingine ya Kezilahabi. Rosa ni 1971, mwenye mada kaandika pale juu.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Mwaka nimekubali. Hoja yangu hakuna aliyeigusa.

Binti Shangani: Samahani mwalimu, nina neno na Kabwela. Hiyo halua ulikusudia nini? Adam Shafi huyo huyo kaandika Kuli (1979): bandari, magunia, jasho la Rashidi, mgomo. Halua iko wapi hapo? Mkisikia Zanzibar mnawaza karafuu na marashi tu. Inaumiza.

Kabwela: Hapo nimekosea, dada. Mgomo wa 1948 niliujua kwa kitabu kile kabla ya mwalimu wa historia kuutaja. Neno la halua nalifuta. La bara silisamehi mpaka aliyelisema aombe radhi.

Msomaji wa Nansio: Kabwela, mimi ni wa Ukerewe, Namagondo alikozaliwa Kezilahabi ni kwetu. Nitawadharauje watu wa bara? Nakala yangu ya Rosa haina jalada. Dada zangu watatu waliisoma kwa zamu, mchana inakaa chini ya godoro baba asiione. Ukurasa wa ile barua umechanika kwa kufunguliwa. Nagona iko kabatini, safi kabisa, hakuna aliyewahi kuiazima. Uchungu wangu ni huo.

Kabwela: Nimekuelewa, ndugu. Lakini radhi bado hujaomba.