Tupeane uzoefu: ulivunjika kifundo cha mkono, ukapona, miaka ikapita, maumivu yakarudi

Seremala wa Moro: Wadau, leo bisibisi imenishinda. Mkono huuhuu niliwahi kuvunjika kifundoni. Bodaboda iliteleza kwenye tope nikajikinga kwa kiganja. Nikafungwa hogo (plasta ngumu), likatolewa, nikarudi kupiga randa miaka mingi bila shida. Sasa kukicha kifundo kimekaza, na nikiegemea meza ili niinuke kinauma ndani kwa ndani. Picha mpya inaonyesha gegedu, ule utando wa utelezi kwenye ncha za mifupa, limelika. Mlionitangulia, mnaishije?

Mama Kulwa: Umenisemea mimi kabisa. Kusonga ugali nimemwachia binti.

Dada wa Viungo: Pole sana kaka. Mimi kazi yangu ni kuwafanyisha watu mazoezi baada ya kuvunjika. Ufa ukipita nje ya kiungo, mara nyingi mfupa unaunga na mtu anasahau. Ukiingia hadi pale mifupa inapokutana, vipande visipokaa sawa panabaki kingo. Madaktari wengi wanaanza kuhofia tofauti ikifika milimita 2. Ni kidogo, lakini gegedu linasuguliwa hapo kila unapokunja mkono. Na hata vikipangwa vizuri, gegedu lenyewe huenda liliumia siku ileile ya ajali. Ila si kila mwenye picha mbaya anaumwa. Wapo ambao picha inatisha na bado wanafua vizuri tu.

Mjukuu wa Bibi: Mama yangu kafungwa hogo juzi, ameambiwa arudi kupiga picha tena. Si kupoteza hela?

Dada wa Viungo: Mpeleke, usiache. Uvimbe ukipungua hogo linapwaya na vipande vinaweza kuhama, hasa wiki 2 za mwanzo. Mapema vinarekebishika.

Mzee wa Kibondo: Hospitali wanapenda visu. Shangazi yangu alichuliwa na mganga wa mifupa, akafungwa vijiti, leo analima.

Binti wa Kusini: Mzee wangu, heshima yako, ila hapo umenigusa. Mdogo wangu alianguka kutoka kwenye mkorosho. Akafungwa mianzi na kamba, tukaambiwa akilia aachwe, mfupa unaunga. Alilia usiku kucha. Asubuhi vidole vimevimba, vya baridi, ukivigusa hasikii. Wakubwa wakasema avumilie. Tulipofika hospitali kamba ilikuwa imezama kwenye nyama, nesi akawa anaitafuta kwa ncha ya mkasi. Vidole viwili vilishakuwa vyeusi. Vilikatwa. Alikuwa darasa la tatu.

Mama Kulwa: Mungu wangu.

Kijana wa Tandale: Sasa hivi yukoje?

Binti wa Kusini: Ana duka, anaandika kwa mkono mwingine. Mvulana jasiri sana yule.

Mzee wa Kibondo: Pole mwanangu. Lakini si waganga wote.

Binti wa Kusini: Huyo aliyetufunga sisi naye alisifiwa hivyohivyo.

Dada wa Viungo: Jamani, hata hogo la hospitali linaweza kubana. Ganzi, vidole vya baridi, maumivu yanayozidi ukinyooshwa vidole: rudi usiku huohuo, usingoje kliniki.

Kijana wa Tandale: Mimi nina chuma na skrubu. Siku moja nanyoosha kidole gumba, hakiinuki. Kano, ile kamba inayovuta kidole, ilikatika, ilikuwa inasuguliwa na ncha ya skrubu. Mwenye chuma akisikia kitu kinakwaruza ndani aende akaonwe.

Seremala wa Moro: Ndugu zangu, na mimi je?

Mama Kulwa: Maji ya uvuguvugu asubuhi kabla hujashika chochote.

Mzee wa Kibondo: Barafu. Maji ya moto yanaongeza uvimbe.

Dada wa Viungo: Joto asubuhi kulegeza, barafu jioni kama kimevimba baada ya kazi. Vaa kishikizo cha kukaza kifundo wakati wa kazi nzito. Vidonge vya maumivu usivimeze mfululizo bila kupimwa, vinaumiza tumbo na figo. Ikishindikana kuna sindano, na mwisho kabisa upasuaji wa kuunganisha mifupa: maumivu hupungua sana, kukunja kifundo ndiyo basi tena.

Seremala wa Moro: Bila kukunja nitashikaje randa?

Fundi Mjomba: Mimi nimeunganishwa. Kushika nashika, na kiganja nageuza juu na chini. Kinachonisumbua ni kuingiza mkono sehemu finyu, kama ndani ya droo. Misumari ya huko anapiga kijana wangu.

Seremala wa Moro: Shikamoo mjomba. Ulikaa muda gani bila kazi? Nina oda za watu hapa.