Mweka hazina amejipangusa mafuta ya mbuzi na stetimenti ya chama, halafu mniambie nipunguze hasira

Mama_Vitenge:

Wanakijiji, ndio nimeingia nyumbani saa hii, viatu sijavua, naandika nikiwa nimesimama jikoni. Jina simtaji. Hamna haja. Mnamjua. Kila mtu hapa mwenye chama cha akiba anamjua: yule mwenye kalamu mbili mfukoni na hakuna hata moja inayoandika, anayechelewa saa nzima halafu akifika anasema, "Tuanze, muda ni pesa."

Leo tulikuwa na kikao cha kufunga mwaka. Mahali penyewe ni hoteli ya choma pale Kenyatta Market, kwa sababu bwana mkubwa hawezi kusoma hesabu akiwa na njaa, na mbuzi analipwa na hizo hesabu. Tumekaa. Mbuzi akaja. Mwenyekiti akafungua kwa maombi, katibu akasoma kumbukumbu, nami nikainua mkono kwa heshima zote: "Bwana mweka hazina, naomba kuuliza."

Swali lilikuwa MOJA. Chama kina milioni moja na laki nane. Katikati ya 2024 bili za serikali za siku 91 (unaikopesha serikali, inakurudishia na riba) zilikuwa zinakaribia asilimia 16. Februari ya mwaka huo huo ilitoka bondi ya miundombinu ya asilimia 18 na ushee, isiyokatwa kodi hata ndururu, na habari zake hadi mama mboga wa steji yetu alikuwa nazo. Tulikubaliana kikaoni, ikaandikwa, ikaungwa mkono: pesa ziende huko. Leo naletewa stetimenti, nakuta pesa zimelala kwenye akaunti ya kawaida, riba hakuna, na kila mwezi zinakatwa ada. Yaani tunailipa benki itulalie na pesa zetu! Nikauliza: kulikoni?

Huyo mtu akanitazama. Akamaliza kutafuna, hakuharakisha. Akaichukua ile karatasi MBELE YANGU, ukurasa wa pili, ule wenye salio, akajipangusa vidole nayo. Kimoja kimoja. Kidole gumba akakirudia mara ya pili. Kisha akasema, "Hiyo tutaiangalia."

Akaikunja, akaitia kwenye sahani ya mifupa. Mhudumu akapita, akabeba sahani.

Stetimenti ya chama imeenda na mifupa, jamani.

Na tishu zilikuwepo! Pakiti nzima, karibu na kiwiko chake, haijafunguliwa! Alinyoosha mkono, AKAZIRUKA TISHU, akafuata salio letu. Watu wazima meza nzima, wengine wana digrii, mmoja anafundisha hesabu shule ya upili, wote wakainamia ugali. Mwenyekiti akauliza kama kuna kachumbari imebaki.

Mimi nimeona mengi Nairobi hii. Karatasi ya mshahara ya mume wangu nimeiona ikikatwa tozo ya nyumba asilimia 1.5, ya afya 2.75, akiba ya uzeeni ya NSSF inapanda kila Februari, hadi karatasi ikabaki na jina lake na namba ya PIN. Nikanyamaza. Unga nimeuona ukipanda na kushuka. Lakini mtu kujipangusa na salio? Kwenye matatu kondakta ameniomba nauli, nimemwambia tutaiangalia.

Na msiniambie niende kwa mwenyekiti. Mwenyekiti ni shemeji yake.

Mlinzi_wa_Usiku: Mama, ukurasa wa pili ndio ulikuwa na salio?

Mama_Vitenge: Ndio! Wa kwanza ulikuwa na nembo ya benki na anwani tu.

Mlinzi_wa_Usiku: Basi huyo hakujipangusa. Huyo ameharibu ushahidi.

Fundi_Njiru: Namjua huyu! Koti la maruni, Probox nyeupe, anakaa Umoja. Chama chetu alituambia mtandao wa benki una shida. Tangu wakati wa korona.

Binti_Kayole: Si huyo. Huyu anayesemwa ni wetu wa Kasarani, suti ya samawati, kila swali anajibu "hilo ni zuri sana" halafu anaomba chumvi.

Mzee_Pensheni: Ana kalamu mbili, mmesema? Anaweza kuwa kijana wangu. Mwambieni apige simu kwao.

Hesabu_Tu: Wacha niwasaidie. 1,800,000 kwa asilimia 16 ni 288,000 kwa mwaka. Toa kodi ya asilimia 15, mnabaki na 244,800. Hiyo ni kama kiwango kingekaa pale pale, na hakikukaa. Benki Kuu ilikuwa imepandisha riba yake hadi 13 mnamo Februari 2024, ikaanza kuipunguza Agosti, na kufikia katikati ya 2025 hizo bili za siku 91 zilikuwa kwenye 8 hivi. Kwa hivyo hata akiangalia leo, ataangalia kivumbi.

Mama_Vitenge: Asante kwa hesabu, kaka, lakini umesoma pale pa kidole gumba?

Hesabu_Tu: Nimesoma.

Mama_Vitenge: ALIKIRUDIA.

Choma_Bila_Chumvi: Swali kwa mwenye uzi. Mbuzi mliagiza mzima ama kwa kilo? Chama kinachokula mbuzi kila kikao kinataka faida ya nini? Mnaweka akiba tumboni, kule hakuna kodi.

Mama_Vitenge: Alikuwa nusu mbuzi.

Choma_Bila_Chumvi: Na supu?

Mama_Vitenge: Supu ni haki ya mwanachama, iko kwenye katiba yetu.

Binti_Kayole: 😂😂 Katiba ina kifungu cha supu lakini haina kifungu cha tishu.

Fundi_Njiru: Mimi namtetea mweka hazina. Karatasi ya benki inafyonza mafuta vizuri kuliko hizo tishu za hoteli zinazoraruka zikiona kidole. Jamaa ni mtaalamu.

Hesabu_Tu: Tukiacha utani, dada, pesa zako binafsi hazihitaji mweka hazina. Tangu 2023 mtu anafungua akaunti ya DhowCSD ya Benki Kuu, ya kununulia bili na bondi, kwa simu yake, na bondi inaanzia 50,000. Unanunua mwenyewe ukiwa umekaa kwako.

Mama_Vitenge: Na mbuzi nitakula na nani?

Dola_Chini_ya_Godoro: Nyinyi mnalilia karatasi? Karatasi! Hebu nisikilizeni mimi. Januari 2024 dola imepita 160. Kuna yule wa ofisini kwetu, mnamjua, yule anayesoma gazeti la jana kwa sauti kama ni yeye ameliandika. Akatangaza jikoni kwamba kabla ya Pasaka itakuwa 200, na mwenye akili anunue sasa. Nikauza ng'ombe wa mama. Nikanunua kwa 162. Februari serikali ikapata Eurobond mpya, yaani mkopo wa dola wa masoko ya nje, ya kulipia ile ya zamani iliyokuwa inaiva Juni, shilingi ikaamka, na kufikia Aprili dola iko 130 na kitu. Nikamfuata jikoni nimuulize. Alikuwa anatia sukari kwenye chai. Akaniambia, "Soko lina hisia zake." SOKO LINA HISIA ZAKE! Na ng'ombe wa mama hakuwa na hisia?

Mlinzi_wa_Usiku: Hizo dola bado unazo?

Dola_Chini_ya_Godoro: Ninazo. Mama kila Jumapili anapiga simu kuuliza ng'ombe anaendeleaje.

Mlinzi_wa_Usiku: Nizinunue kwa 115, tumalize maneno?

Dola_Chini_ya_Godoro: Toka hapa.

Mama_Vitenge: Jamani, turudi kwenye karatasi.

Choma_Bila_Chumvi: Weka picha ya hiyo stetimenti tuione.

Mama_Vitenge: IMEENDA NA MIFUPA!!

Mdhamini_Mjinga: Angalau nyinyi pesa ziko benki, hata kama zimelala. Mimi nilimdhamini mwenzangu kazini mkopo wa sacco. Mkopo mara tatu ya akiba yake, tukasaini wadhamini wanne, akachukua pesa, akaacha kazi, akaenda Ghuba. Sasa sacco inakata akiba YANGU kufidia deni LAKE. Sawa, sheria ni sheria, fomu ilisema hivyo. Lakini wiki hii ameweka picha kwenye simu, amesimama kando ya bahari, miwani ya jua, ameandika "Mungu ni mwema". Saa moja baadaye akanitumia ujumbe. Nikadhani anaomba msamaha. Anauliza kama nina kitu kidogo cha kumwokoa hadi mwisho wa mwezi.

Binti_Kayole: Ukamtumia?

Mdhamini_Mjinga: Tuendelee na mada ya chama.

Binti_Kayole: UKAMTUMIA 😂😂😂

Wakili_wa_Bure: Ile fomu ya udhamini uliisoma kabla ya kusaini?

Mdhamini_Mjinga: Ilikuwa saa ya chai, wakili. Alikuja na mandazi.

Wakili_wa_Bure: Mandazi mangapi, niandike kwenye jalada.

Ploti_Njoo_Joska: Heri mandazi. Mimi nilinunua ploti huko Joska, futi hamsini kwa mia, nikiambiwa hati iko njiani. Hiyo njia sijui inapitia Juba. Kila nikipiga simu, dalali anasema shamba lote liko kwenye hati moja kubwa, haijagawanywa, nivute subira, kwa sasa nishikilie cheti cha hisa. Mwaka huu nimeenda kuonyesha mke wangu bikoni, ile alama ya mpaka. Tumefika, bikoni haipo. Nimeikuta kwenye ploti ya tatu kutoka kwangu, na kuna mzee ameifungia mbuzi. Nikamwambia, mzee, hiyo ni yangu. Akaniambia yeye alionyeshwa hiyo hiyo, na dalali yule yule, na yeye ndiye aliyetangulia.

Fundi_Njiru: Ulifanya sachi ya hati ofisi ya Ardhi kabla ya kulipa?

Ploti_Njoo_Joska: Basi la kwenda kutazama ploti lilikuwa la bure na kulikuwa na soda. Watu walikuwa wanapiga makofi.

Kware_2014: Nani anataka vizimba vya kware? Bei ni maelewano.

Mzee_Pensheni: Wewe bado una hivyo vizimba?

Kware_2014: Mzee, nilikuwa na leseni ya KWS, wale wa wanyamapori, ukutani, imewekwa kwenye fremu. Kware wakati huo alikuwa anahitaji leseni kuliko pikipiki. Yule aliyeniuzia wazazi wa kwanza aliniambia yai lake linatibu sukari, presha, nguvu za kiume na madeni. Nilipofikisha mayai ya kuuza, kila jirani alikuwa anafuga. Tulikuwa tunauziana wenyewe kwa wenyewe kwenye ua. Mwishowe paka aliwachoka.

Dola_Chini_ya_Godoro: Vizimba ni vya waya ama mbao? Mama amesema kama ng'ombe hatarudi, nimtafutie kuku.

Kware_2014: Waya. Kuku wa kienyeji anaingia lakini lazima ainame.

Mama_Vitenge: Hata hamjaniuliza mhudumu alisema nini.

Mlinzi_wa_Usiku: Akaunti yenu ya chama ina watia saini watatu, si ndio? Katibu na mwenyekiti waende benki, wachapishiwe nyingine.

Mama_Vitenge: Katibu ni mke wa mwenyekiti.

Mlinzi_wa_Usiku: Hicho si chama, hiyo ni boma. Umeolewa huko?

Choma_Bila_Chumvi: Ndio maana yeye analipa na wao wanakula.

Mdhamini_Mjinga: @Ploti_Njoo_Joska, samahani, huyo dalali wako ana pengo? Jino la mbele?

Ploti_Njoo_Joska: Analo. Upande wa kushoto.

Mdhamini_Mjinga: Wangu ni kulia. Lakini kabla ya kusafiri alikuwa anauza ploti huko huko, tulikuwa tunamsikia kwenye simu chooni.

Ploti_Njoo_Joska: Kulia kwake ama kulia kwako ukiwa umemtazama?

Mdhamini_Mjinga: …

Binti_Kayole: Woi.

Wakili_wa_Bure: Nyinyi wawili msiandike kitu kingine hapa kabla hatujaongea. Ya kwanza ni bure.

Mzee_Pensheni: Kijana wangu hana pengo. Nimeuliza mama yake.

Ploti_Njoo_Joska: Jumamosi naenda huko kumtafuta yule mzee wa mbuzi, ana nakala ya cheti chake na sahihi ya dalali. Mdhamini, leta ile fomu ya sacco tulinganishe mwandiko. Tukutane Donholm saa mbili asubuhi, nina gari.

Mdhamini_Mjinga: Niko. Mafuta tutachangia?

Ploti_Njoo_Joska: Tutachangia. Na usije na mtu wa kudhamini.

Kware_2014: Mnapitia Ruai? Kuna mteja wa vizimba pale karibu na steji. Ni vitatu tu, vinakaa kwenye buti.