Jirani kaelekeza bomba la choo kwenye korongo kavu, nakuza mambo?

Mjengoni_Dom: Wakuu habari za jioni. Nimehamia pande za Veyula hapa Dodoma mwaka jana, nyuma ya nyumba kuna korongo la mchanga, miezi mingi halina hata tone. Sasa jirani kachomoa bomba la inchi nne kwenye chemba ya choo linamwaga humo humo, na juu kidogo vijana wanaosha bodaboda, mchanga umekuwa mweusi tii kwa oili chafu. Nikimsemesha ananijibu "korongo kavu hilo, nani anakunywa?" Kisima changu kipo kama hatua 40 kutoka hapo. Nimkomalie au niache?

mtoto_wa_hombolo: Nani anakunywa? Si wewe mkuu, na sisi huku chini 😂 Tumekulia kufukua mchanga wa korongo wakati wa kiangazi, unachimba mpaka mkono unazama kwenye kiwiko, unatulia kidogo maji yanajaa yenyewe unachota na kata. Juu kukavu, chini maji yapo.

Rola_na_Pampu: Kazi yangu kuchimba visima hivyo niseme kidogo. Mvua ya Dodoma ni milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka na karibu yote inashuka Desemba mpaka Aprili, ile ya rasharasha inayolowesha shamba jua linaimaliza, inayofika chini hasa ni ile inayokuja kwa fujo korongo linajaa na maji yanazama kupitia mchanga. Makutupora, mji unakochota maji, vipimo vya tangu miaka ya 1950 vinaonyesha maji yanashuka miaka kadhaa halafu mvua kama za El Nino ya 1997/98 zinayapandisha tena. Kwa hiyo huo mchanga ndo mdomo wenyewe. Vijidudu mchanga unachuja kiasi, ila naitreti (chumvi ya naitrojeni inayotokana na kinyesi na mkojo) ya choo hauzuii, inakwenda na maji na ukichemsha haitoki, ndo kwanza inabaki kali zaidi. Kama una kichanga anayekorogewa maziwa ya kopo usicheze kabisa, pima maji maabara, WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema isizidi miligramu 50 kwa lita.

Shamba_la_Zabibu: Tusimuonee wa choo peke yake jamani. Sisi wenye zabibu tukimaliza kupiga dawa pampu tunasuuzia wapi? Humo humo. Na mvua ya kwanza inabeba pampasi, chupa, kila kitu, mto Kinyasungwe unapeleka Mkondoa, Mkondoa Wami, mpaka baharini Saadani.

Mjengoni_Dom: Duh. Kwa hiyo sheria inasemaje, nimpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa?

mtoto_wa_hombolo: Mpeleke. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ila kabla hujaenda, ukuta wako wewe uko mita ngapi?

Mjengoni_Dom: Nimetoka kupima sasa hivi kwa hatua. 25 😬