Ulinganisho: Land Rover 109 ya babu, nifungue injini mwenyewe nyumbani au niweke 300Tdi?

Mwana_Tengeru:
Wakuu habari za Jumapili. Nina Land Rover 109 (ile ndefu) ya marehemu babu, ipo hapa Tengeru chini ya mparachichi mwaka wa tatu huu. Ile Land Rover Festival ya Arusha Oktoba 2024 ilinipita hivihivi, nilisimama barabarani natazama za wenzangu zinapita huku yangu iko nyumbani kuku wanatagia kwenye siti ya nyuma, roho iliniuma sana. Sasa nataka iamke. Injini imechoka. Kuna njia tatu kichwani, ya kwanza niifungue mwenyewe hapahapa uani, niweke ringi, beringi na gasketi mpya basi. Ya pili kuna jamaa Usa River anauza 300Tdi, ile injini ya dizeli yenye tabo (turbo) ya Land Rover wenyewe, iliyotoka kwenye Discovery iliyogongwa nyuma, anataka jibu kabla ya Ijumaa kwa sababu kuna mtu wa Karatu naye anaifukuzia. Ya tatu kuna fundi ananishawishi niweke 3L, injini ya dizeli ya Toyota Hilux. Ipi bora? Spana ninazo na muda ninao, hela ndio ya kuunga unga. Wa kucheka mpite tu.

Loliondo_Express:
300Tdi. Uzi ufungwe.

Fundi_Nusu:
Mleta mada umetueleza mpaka habari za kuku ila injini yenyewe hujasema ni ipi. "Imechoka" ndio nini? Inatoa moshi? Wa rangi gani, mweupe, wa bluu, mweusi? Inagonga? Inachemsha? Petroli au dizeli? Ya mwaka gani? Umepima kompresheni (mgandamizo wa silinda)? Mgonjwa hajapimwa tayari mnachagua jeneza.

Mangi_wa_Pasua:
Nakazia hapo kwa Fundi. Ila mimi nishasema humu mara ngapi, weka 3L. Cc 2779, haina tabo, haina umeme wa kukusumbua, spea unapata mpaka duka linalouza sukari. Gari zuri ni lile ambalo fundi wa Same anaweza kulitengeneza saa nne usiku na tochi mdomoni.

Loliondo_Express:
@Mangi_wa_Pasua Land Rover yenye injini ya Toyota ni sawa na kumvalisha Mmasai suti halafu unasema bado ni Mmasai.

Mangi_wa_Pasua:
Wamasai wangapi wanavaa suti siku hizi na ng'ombe wanao palepale. Hapo umechemka.

Mwana_Tengeru:
Samahani wakuu nilikuwa ibadani. Ni petroli, ile ya lita 2.25, kadi inasema 1974. Ilikuwa inachemsha ukipanda kilima cha kwetu, inakosa nguvu, asubuhi ukiwasha inatoa moshi wa bluu kidogo halafu unaisha. Maji yalikuwa yanapungua ila sijaona pa kuvuja. Haigongi. Kompresheni sijapima, geji sina.

Mzee_Spana:
Kijana, pole kwa babu. Nimeendesha na kufungua hizi gari tangu zilipokuwa mpya, acha nikueleze. Hiyo ya 1974 ni ile ya meini beringi tatu (beringi zinazobeba krenki, ule mhimili mkuu wa injini), za tano zilianza 1980. Tatu sio kilema, watu wamelima nazo miaka 40. Ila usidanganywe na hao wa Ijumaa. Ile 200Tdi, iliyotangulia 300, inakaa kwenye mikono ileile (vishikio vya injini kwenye chesisi) ya injini ya zamani karibu bila shida, 300 mikono yake iko pengine, lazima ukate na kuchomelea kwenye chesisi. Halafu injini yako mpya kabisa kiwandani ilikuwa na farasi kama 70, hiyo 300 ina 111 na nguvu ya kusokota inakuja chini kabisa kwenye mizunguko 1800. Giaboksi lako la zamani litaipokea vipi? Na difu zako (gia za kwenye ekseli) ni za uwiano wa 4.7, injini ya dizeli haipendi kuzungushwa sana, kwa hiyo lami ya Makuyuni utakwenda 70 injini inapiga kelele unafikiri inaomba msaada, mpaka utafute difu za 3.54 za Range Rover ya zamani. Injini ni bei rahisi, ndugu zake ndio wanaokumaliza.

Loliondo_Express:
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, Arusha tuko mita 1400 juu ya bahari huku, injini ya petroli isiyo na tabo inapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu kabla hata hujapakia gunia. Na inakunywa lita moja kwa kilomita tano sita. Mleta mada kasema hela ya kuunga unga, akiitengeneza kwa mapenzi ataiendesha kwa machozi.

Mzee_Spana:
Marahaba. Anaenda nayo wapi kila siku? Hajasema.

Mwana_Tengeru:
Kanisani, shambani na festival ikirudi. Labda Moshi mara mojamoja kwa shangazi.

Fundi_Nusu:
Kumbe! Gari ya kanisani na shangazi haihitaji tabo. Sikia, azima geji ya kompresheni, Unga Limited hapo Arusha mjini utapata mtu. Pasha injini moto, toa plagi zote nne, kanyaga mafuta mpaka chini, piga stata, andika namba ya kila silinda. Hiyo ni kavu. Halafu mimina kijiko kimoja cha oili kila silinda upime tena. Namba ikipanda sana, ringi na silinda zimekwisha. Isipopanda, tatizo liko juu, valvu au gasketi. Ni kazi ya saa moja tu na inaweza kukuokolea mamilioni. Usinunue hata boliti moja kabla ya hapo.

Kibosho_Boy:
Mimi nataka kusema kitu kuhusu kufungua nyumbani maana naona watu mnachukulia poa. Tulikuwa na Peugeot 504 pikapu ya mzee, ya kubeba ndizi. Wanaoijua wanajua slivu zake (mikebe ambamo pistoni zinapanda na kushuka) ni za maji, zinachomoka, unanunua seti ya slivu na pistoni unatumbukiza hakuna kuchonga bloku, nikasema hii naiweza. Na niliiweza kweli, kila kitu nilipanga juu ya turubai kwa mstari nikapiga picha. Krenki peke yake ndio niliipeleka kuchongwa, pa wapi sitaji. Ikarudi inang'aa kama kijiko cha harusi. Kwa kiherehere nikaifunga siku ileile, nikawasha, ikanguruma vizuri, mzee akachinja jogoo. Kesho yake alfajiri tumepakia mikungu tunaenda soko la Himo, kabla hatujafika Njia Panda taa ya oili ikaanza kukonyeza. Nikasema swichi hiyo, ni mbovu. Nikaendelea, ujinga wangu kabisa huo. Ikaanza ko, ko, ko, halafu kokoko, mzee akaniangalia hakusema neno. Tulivutwa na lori la mchanga mpaka nyumbani na ndizi zikaiva juu ya gari. Nilipotoa sampu (beseni la oili chini ya injini) oili ilikuwa inametameta kama ile rangi ya kucha ya wasichana, beringi ya pistoni ya tatu imegandana na krenki imekuwa rangi ya shaba. Unajua kilikuwa nini? Vile vitundu vya kupitisha oili ndani ya krenki vilibaki na unga wa jiwe la kuchongea. Nilipokwenda kulalamika nikaambiwa kuosha ni kazi ya mwenye mali. Krenki ikachongwa mara ya pili, beringi mpya tena, pampu ya oili nayo ikawa imekwaruzika. Tangu siku hiyo krenki ikirudi nasukuma brashi nyembamba ya waya na petroli kila kitundu, napuliza kwa kompresa, narudia mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Na beringi zote napaka oili nzito kabla ya kufunga ili zisianze kavu. Mzee mpaka leo akiona taa ya oili kwenye gari la mtu yeyote anaguna.

Mangi_wa_Pasua:
Ungeweka 3L.

Kibosho_Boy:
Kwenye Peugeot??

BintiMeru:
Kibosho_Boy pole, nimecheka na mzee kuguna. Mimi ya kwangu 88 (ile fupi) ya 1972 niliifungua nyumbani Moshono, na injini sikuishusha kabisa. Hii 2.25 ukitoa hedi (kichwa cha injini) na sampu, pistoni zinatokea juu gari likiwa limesimama palepale. Kushusha ni kama unataka krenki. Kama lazima ushushe, tafadhali usifunge cheni bloku kwenye tawi la huo mparachichi, ni kilo kama 200 hizo na mti wa parachichi unakatika bila kukupa taarifa, tafuta mabomba matatu utengeneze kigoda. Vumbi ndio adui yako mkubwa. Nilinyunyiza maji uani kila asubuhi na jioni nafunika bloku kwa shuka la kitanda. Kofia za beringi zipige alama, namba na upande, usizichanganye kamwe. Boliti za hedi kaza kwa hatua kuanzia katikati kwenda pembeni mpaka futi paundi 65, na kabla ya hapo hakikisha vitundu vyake havina oili wala maji chini, boliti ikikandamiza maji inapasua bloku. Tapeti zote (nafasi ya valvu) inchi 0.010. Toki renchi azima, usikaze kwa kusikilizia mkono.

Sakina_Old_School:
Mimi naona wote mnasahau kitu. Petroli ya siku hizi haina risasi (ile lead iliyokuwa inachanganywa zamani). Injini ya 1974 valvu zake zinategemea risasi, viti vya valvu vitaliwa ndani ya miezi. Bila viti vigumu vipya usiwashe.

Mzee_Spana:
Nchi yetu na jirani zote za kusini mwa Sahara ziliacha risasi kufikia 2006. Magari ya babu zetu yamekunywa hiyo isiyo na risasi miaka yote hii, yangapi yameliwa viti kwa mwendo wa kanisani? Ukiwa unafungua hedi na hela ipo, weka viti vigumu. Kama hela haipo, pima tapeti kila baada ya muda, ukiona valvu ya moshi inabana kila mara ndio ujue inazama.

Sakina_Old_School:
Mzee unarahisisha mambo.

Mzee_Spana:
Na wewe unatisha watoto.

Tax_Msafi:
Naingilia kidogo. Kadi yako ina namba ya injini na aina ya mafuta. Ukiweka Tdi au 3L nenda TRA ukabadilishe taarifa, na risiti au mkataba wa hiyo injini uwe nao. Injini ya gari lililogongwa isiyo na karatasi ukisimamishwa utaeleza mpaka jioni. Muulize huyo wa Usa River karatasi kwanza.

Loliondo_Express:
Karatasi zipo bwana, Arusha nzima Tdi zimetapakaa, msimtishe.

Mwana_Tengeru:
Wakuu nimerudi, geji nimeazima. Kavu, kwa psi: ya kwanza 130, ya pili 125, ya tatu 55, ya nne 60. Na oili: 140, 135, 60, 60. Nifanyeje?

Fundi_Nusu:
Hahaha! Silinda mbili jirani zimeanguka pamoja na oili haijazipandisha. Hiyo ni gasketi ya hedi imekatika kati ya tatu na nne. Ndio maana inachemsha na maji yanapotea. Watu walishakuuzia injini mbili humu ndani kwa ajili ya gasketi moja.

Loliondo_Express:
Na moshi wa bluu je? Gasketi inatoa moshi wa bluu?

BintiMeru:
Moshi wa asubuhi kidogo halafu unaisha mara nyingi ni oili inayoshuka kwenye valvu usiku. Toa hedi, igeuze, mimina mafuta ya taa kwenye matundu ya kuingilia na kutokea, subiri, ukiona yanalowana kwenye viti ujue valvu hazikai. Hedi ikaplaniwe (isawazishwe kwa mashine), usiweke gasketi mpya kwenye hedi iliyopinda.

Mwana_Tengeru:
Jamani hedi nimetoa leo. Gasketi kweli, kati ya tatu na nne kuna mwanya mweusi umeungua upana wa njiti ya kiberiti. Nilifurahi dakika mbili. Halafu nikafuta masizi juu ya pistoni nikakuta zimegongwa 040 zote nne. Na juu ya silinda kuna kingo, nikipitisha kucha inakwama, hasa ya nne. Hiyo 040 maana yake ni nini?

Mzee_Spana:
Maana yake babu yako alishaichonga. Imeongezwa inchi 0.040, na kwa pistoni za kawaida utakazopata huku huo ndio mwisho. Ikichongwa tena unaweka slivu kavu na kurudi saizi ya mwanzo. Inawezekana, ila hiyo sio kazi ya uani, bloku lazima lishuke liende kwa mchongaji mwenye mashine.

Fundi_Nusu:
Au funga gasketi, saga valvu, endesha. Silinda 130 Arusha sio mbaya, huku juu geji lenyewe linasoma chini kuliko Tanga.

Sakina_Old_School:
Na viti vigumu.

Kibosho_Boy:
Ukipeleka bloku kwa mchongaji likirudi LIOSHE.

Mangi_wa_Pasua:
Slivu nne, pistoni nne, krenki, hedi. Piga hesabu hiyo halafu uje uniambie bei ya 3L.

Mwana_Tengeru:
Wa Usa River kanipigia, mtu wa Karatu kaleta nusu ya hela ila anasema nikiwahi na yote kesho ananipa mimi. Karatasi anasema "zipo Dar". Jumatatu kuna mtu anakuja na geji ya kupimia silinda, mpaka hapo sigusi kitu, nimefunika na shuka la mke wangu na tayari kuna kesi.

Loliondo_Express:
Kama unaacha Tdi niambie mapema nimpigie mimi.

Mndorobo_Mstaafu:
Samahani nje ya mada, hizo siti za nyuma ni zile ndefu za kutazamana? Natafuta za 109, nalipa vizuri.

Mwana_Tengeru:
Ndio zenyewe. Siti siuzi. Kuku wapo.