Bomba jekundu ndilo la baridi

*Kikundi: Jamaa wa Bi Mkubwa*

Mama Nasra (Maskati): Assalaam alaykum nyote. Saa sita na nusu mchana, simu inaniambia digrii 44, skuli zimefungwa, watoto sita ndani. Said kaniuliza leo tunafanya nini. Nimemwambia tunangoja magharibi.

Kaka Hamad (Unguja): Waalaykum salaam. Pole. Huku kipupwe, nimekaa dukani na sweta.

Mama Nasra: Usinitie hasira na sweta lako.

Dada Zuwena (Nizwa): Umeshawaogesha?

Mama Nasra: Hapo ndipo penye kesi. Tangi liko juu ya paa, jua linalipiga tangu asubuhi. Bomba la baridi saa hizi linatoa maji ya kunyonyolea kuku.

Bi Mkubwa: Kwa hiyo mnaoga maji ya moto na joto hilo?

Mama Nasra: Hita tumeizima tangu mwezi wa tano, Mama. Yale maji yaliyomo ndani yake yamekaa kivulini bafuni, yanapoa. Ukitaka ya baridi unafungua bomba jekundu. La buluu ndilo linalounguza.

Kaka Hamad: Dunia imepinduka.

Mama Nasra: Ila hita yenyewe ni ya lita 50. Wa kwanza anaoga raha, wa pili raha, wa tatu yanaanza kuchanganyika na ya paani, wa nne analia. Sasa kila siku vita, nani aingie mwanzo. Nimebandika zamu mlangoni. Said kafuta majina ya wenzake, kaandika lake mara tatu.

Dada Zuwena: Jaza ndoo usiku uziweke sebuleni penye AC. Mimi wangu nawaogesha kwa kata.

Mama Nasra: Nilijaza. Pacha wameoshea humo makubazi ya baba yao.

Baba Nasra: Makubazi yangu yapi?

Mama Nasra: Fanya kazi wewe, tutaongea jioni.

Bi Mkubwa: Watoeni nje wacheze. Nyinyi nimewalea nje.

Mama Nasra: Bembea za huku ni chuma, Mama, zinababua mapaja. Wanatoka wakishasali alfajiri, saa moja washarudi wamekuwa wekundu. Halafu tena usiku, saa tatu mpaka saa sita, ufukweni Seeb kumejaa watoto kama sikukuu. Lakini hapa katikati, adhuhuri mpaka alasiri, ndipo ninapokufa mimi.

Kaka Hamad: Si walale tu mchana?

Mama Nasra: Kaka, wewe una watoto wangapi?

Kaka Hamad: Wawili.

Mama Nasra: Basi.

Dada Zuwena: Njooni Nizwa hata siku mbili. Tende mbichi zimeanza, jioni tunawapeleka kwenye falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, watie miguu. Na tukiamua tunapanda nao mlima wa Jabal Akhdar, kule juu usiku unatafuta blanketi.

Mama Nasra: Dada, gari yetu ya chini. Pale kwenye kizuizi cha Birkat al-Mawz askari hapitishi gari isiyovuta miguu yote minne. Na tupo wanane. Baba yao kataja Salala juzi, eti manyunyu, ubaridi. Kilomita 1,000 na pacha nyuma! Nikamwambia tangulia, utatukuta tulipo.

Dada Zuwena: 😂😂 Na barafu za ubuyu je? Si uliniambia umepata ubuyu kutoka nyumbani?

Mama Nasra: Usinikumbushe. Jana usiku nimefunga vifuko 24. Asubuhi nahesabu, 15. Nikawapanga mstari: haya, ndimi nje. Zote nyekundu.

Dada Zuwena: Zote?

Mama Nasra: Zote sita. Mpaka ya kitindamimba, miezi kumi na moja, hata meno hayajatimia. Wamemrambisha ili asibaki mtu msafi.

Kaka Hamad: Hao waleteni huku wagombee udiwani.

Bi Mkubwa: Nipe wajukuu zangu. Nipigie simu ya picha.

Mama Nasra: Haishiki, Mama. Nimejaribu tangu asubuhi.

Bi Mkubwa: Basi natuma sauti. Wakalishe chini.

Bi Mkubwa: 🎤 (0:03) Paukwa!

Mama Nasra: 🎤 (0:05) PAKAWAAAA!

Kaka Hamad: Nimefungua hii sauti mbele ya wateja. Mama mmoja kaangusha khanga alizokuwa anachagua.

Bi Mkubwa: 🎤 (2:31)

Mama Nasra: Wamekaa mkekani, simu katikati kama sinia ya pilau. Pacha wanauliza kwa nini Sungura hakutaka kuchimba kisima na wenzake.

Bi Mkubwa: Uvivu tu. Alisema yeye umande unamtosha. Usiku akaenda kuiba maji.

Mama Nasra: Said anasema kama kisima chenyewe ni cha lita 50, Sungura kafanya akili.

Bi Mkubwa: Mwambie Said nikija huko nitamuogesha mimi. Kwa bomba la buluu.

Bi Mkubwa: 🎤 (3:10)

Kaka Hamad: Kibuyu cha asali! Hii ya mlinzi kufungwa kamba ili alishwe asali nilikuwa nimeisahau kabisa. Endelea, Mama.

Dada Zuwena: Hamad, uza khanga.

Bi Mkubwa: 🎤 (2:48)

Bi Mkubwa: 🎤 (0:03) Paukwa!

Bi Mkubwa: Paukwa jamani.

Bi Mkubwa: Mama Nasra? Mtandao umekwenda?

Mama Nasra: Wamelala, Mama. Wote. Pacha mmoja mguu wake uko juu ya tumbo langu, naandika kwa kidole gumba. Nakuombeni asitume mtu kitu chenye mlio, simu iko chini ya shavu la Nasra nusu yake.

Bi Mkubwa: Na mimi hata kwa Kobe sijafika.

Kaka Hamad: Pakawa.