Naomba ushauri: karatasi ya zamani ya kuzuia unyevu imeanza kuachia ukuta

Mwanzisha uzi

Wadau, nawasalimu. Ninajiandaa kupaka rangi upya chumba cha kulala cha mama yangu, ambaye kifua chake hakistahimili kabisa ukungu, na nimekwama kwenye ukuta wa upande wa nje. Nilipobandua pembe ya karatasi ya maua nilikuta chini yake tabaka jingine: karatasi nzito yenye uso wa alumini, iliyogandishwa kwa gundi nyeusi inayonuka lami. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno imevimba, na ukiigonga unasikia uwazi ndani; juu ya hapo imeshika imara. Je, niiondoe yote, nikate iliyovimba na kuziba kwa puti, au nibandike mpya juu yake?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, nakusihi usibandike kitu juu yake. Mimi ni fundi wa lipu, na karatasi za aina hiyo nimezibandua nyingi. Haikaushi ukuta, inauficha tu. Maji yanayokosa pa kutokea hubaki ndani ya lipu, au hupanda mpaka yapite ukingo wa karatasi, na hapo ndipo doa linapojitokeza mahali ambapo zamani palikuwa pakavu.

Kimo ulichokitaja, yaani chini kidogo ya mita 1, ni cha kawaida kwa unyevu unaopanda kutoka ardhini. Hata hivyo, kabla hujaulaumu msingi, toka nje ukague kwa makini: huenda udongo au zege limerundikwa mpaka kulifunika tabaka la kuzuia unyevu lililo juu ya msingi, au mfereji wa paa unamwaga maji ukutani, au kuna ufa chini ya dirisha. Sababu isipoondolewa, rangi yoyote utakayopaka itabanduka.

Baada ya hapo ukuta unahitaji muda, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa kuvumilia. Makadirio ya mafundi ni mwezi 1 kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo ukuta wa milimita 225 unaweza kuchukua miezi 9 au zaidi. Ukikauka utaona unga mweupe wa chumvi. Ufagie kwa brashi kavu wala usiuoshe, kwa sababu maji huirudisha chumvi ndani.

Mchangiaji wa pili

Naongeza jambo moja ambalo lingepaswa kutangulia. Kama nyumba ni ya zamani, baadhi ya gundi nyeusi za lami zilichanganywa na asbesto (nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu), na kwa macho huwezi kuitambua. Usipige msasa wala usikwangue ikiwa kavu mpaka kipande kidogo kilicholoweshwa kimepimwa maabara. Na wakati wa kazi yenyewe, mama asilale chumba hicho.

Mchangiaji wa tatu

Kwangu niliiacha na sijajuta. Ilikuwa imeshika pande zote na ukuta ulikuwa mkavu, nikapaka praima ya mafuta, kisha rangi. Si kila kitu cha zamani lazima king'olewe.

Mchangiaji wa kwanza

Kwa ukuta mkavu nakubaliana nawe, ndugu yangu. Huu wa mwenzetu umevimba, na uvimbe ni dalili kwamba gundi au lipu imekwisha kufa.

Mwanzisha uzi

Nashukuru sana. Nimekagua nje na kukuta kituta cha maua kimeegemea ukuta, kikiwa juu kuliko sakafu ya ndani. Mama amehamia chumba kingine, na kipande nimekipeleka maabara. Endapo majibu yatakuwa salama, gundi itakayobaki kwenye lipu niifanyeje?

Mchangiaji wa kwanza

Anza leo na kituta, kwani hakingoji maabara: ondoa udongo mpaka uwe angalau milimita 150 chini ya tabaka la kuzuia unyevu. Majibu yakiwa salama, usihangaike kuisugua gundi ya sehemu ya chini. Bomoa lipu yote yenye unyevu, ukivuka alama ya juu kabisa kwa milimita 300, kisha ukuta ukiwa umekauka piga lipu ya chokaa, ambayo huruhusu unyevu mdogo uliosalia kutoka. Usitumie jasi hapo. Hunyonya maji na kulegea. Sehemu ya juu iliyoshika, ukiamua kuibandua, itaacha madoa ya lami yatakayopenya rangi ya maji hata ukipaka mara 4, hivyo tangulia na praima ya shelaki (aina ya vanishi inayozuia madoa). Praima hiyo isishuke kwenye lipu mpya ya chini. Huko tumia rangi ya chokaa, na uiache miezi ya kwanza bila kusogeza kabati ukutani.

Mwanzisha uzi

Nimeelewa. Koleo ninalo, naanza na kituta jioni hii.